Maswali ya Wasomaji: Kura, mafuta na BRICS

Swali: Ndugu mhariri, hapa kijiweni tunabishana. Wengine wanasema mwaka 2022 Uganda iliiunga mkono Urusi katika Umoja wa Mataifa, wengine wanakataa. Tena, ikiwa nchi 141 zilipinga vita vya Ukraine, mbona havikukoma? *Msomaji, Jinja*

Jibu: Uganda haikusema ndiyo wala hapana, ilijizuia. Ila kura hiyo haieleweki bila kuanzia Baraza la Usalama, ambalo ndilo lenye mamlaka ya kutoa amri kwa nchi zote. Lina wajumbe 15. Azimio hupita likipata kura 9, mradi asikatae hata mmoja wa wale watano wa kudumu: Marekani, Uingereza, Ufaransa, China na Urusi. Tarehe 25 Februari 2022, siku moja baada ya mashambulizi kuanza, azimio la kuitaka Urusi iondoe majeshi yake Ukraine lilipata kura 11, zikiwemo za Kenya, Ghana na Gabon. China, India na Falme za Kiarabu zilijizuia. Urusi ikatumia turufu (veto), yaani haki ya wale watano kulizuia azimio, na likafia hapo.

Siku mbili baadaye Baraza hilohilo lilipiga kura kulipeleka suala mbele ya Baraza Kuu, ambako nchi zote wanachama hupiga kura. Urusi ilikataa tena, safari hii bila mafanikio, kwa sababu kura ya utaratibu haina turufu. Mlango huo uko wazi tangu 1950, nasi tunaona unasahaulika mno watu wanapolaumu Umoja wa Mataifa.

Tarehe 2 Machi matokeo yakawa 141 ndiyo, 5 hapana, 35 kujizuia. Nchi 12 hazikupiga kura. Sasa fanyeni hesabu. Thuluthi mbili inayohitajika ili azimio lipite hutafutwa kwa waliosema ndiyo au hapana peke yao, yaani 146, hivyo kura 98 zingetosha. Wale 35 wangekataa, zingehitajika 121. Kwa hesabu, basi, kujizuia hakukuibeba Urusi. Faida yake ilikuwa ya kisiasa: iliweza kudai kwamba Afrika haijaitenga, na Julai mwaka huohuo waziri wake wa mambo ya nje, Sergei Lavrov, alipokewa Entebbe. Uganda ilijieleza kwamba ilikuwa inasubiri uenyekiti wa Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote, kiti ilichokikalia Januari 2024. Hoja hiyo ina uzito, lakini asiyefungamana anapaswa pia kusema wazi nani amevuka mpaka wa nani.

Kuhusu kukoma kwa vita: maazimio ya Baraza Kuu ni mapendekezo, si amri.

Swali: Mafuta ya Urusi yamewekewa vikwazo, lakini India inayanunua kwa wingi. Inakuwaje? *Dereva wa lori, Malaba*

Jibu: Marekani na wenzake hawakutaka mafuta hayo yatoweke sokoni, maana bei ingepaa duniani kote, na wewe ungeilipia kituoni. Walitaka yaendelee kuuzwa, ila Moscow ipate kidogo. Kuanzia tarehe 5 Desemba 2022 waliweka ukomo wa dola 60 kwa pipa la mafuta ghafi. Mtego uko kwenye bima: sehemu kubwa ya meli za mafuta hukatiwa bima na kampuni za Magharibi, nazo zilikatazwa kuhudumia shehena iliyouzwa juu ya ukomo huo.

Urusi ikajibu kwa kukusanya meli kuukuu zinazobadili bendera mara kwa mara na kuhamishiana mafuta baharini ili asili yake isijulikane. Hapo ndipo hatari ilipo: meli kama hiyo ikipasuka, bima yake huenda isilipe chochote, na pwani iliyo karibu ndiyo inayobeba hasara. India, ambayo kabla ya vita ilipata Urusi chini ya asilimia 2 ya mafuta yake, kufikia 2023 ilikuwa inapata zaidi ya theluthi, kwa bei ya punguzo. Haikuvunja sheria yake yoyote. Vikwazo hivyo si vya Umoja wa Mataifa.

Swali: Uganda imeingia BRICS. Tutaanza kukopa katika benki yao? *Msomaji, Arua*

Jibu: Bado. Tangu tarehe 1 Januari 2025 Uganda ni nchi mshirika wa BRICS, umoja wa Brazil, Urusi, India, China, Afrika Kusini na wenzao; hiyo ni ngazi iliyo chini ya uanachama kamili. Benki yao, iliyoko Shanghai, ina uanachama wake unaoombwa peke yake na kulipiwa hisa. Na msidhani inamfuata Putin kila anakokwenda: Machi 2022 ilisimamisha miamala mipya nchini Urusi, ingawa Urusi ni mmoja wa waanzilishi wake, kwa kuwa nayo hukopa kwenye masoko ya dunia na inalinda jina lake huko.