Jenomu ya sato ilishasomwa, mbona bado wanataka samaki wangu?

SWALI: Nafuga sato. Nimesoma kwamba jenomu yake, yaani maandishi yote ya urithi wake, ilichapishwa tangu mwaka 2014. Sasa watafiti wameniomba madume na majike wa kupasua. Wanatafuta nini tena?

JIBU: Ndugu yangu, samaki aliyesomwa wakati ule alikuwa jike, wa ukoo uliozalishwa maabara mpaka nakala mbili za kila kromosomu (uzi unaobeba jeni) zikafanana. Alichaguliwa makusudi. Jenomu ya sato ina herufi karibu bilioni moja. Husomwa vipande vipande kisha huungwa, na nakala zikitofautiana kuunga huwa kazi ngumu.

Walifanya vyema, lakini jike yule hana kromosomu Y, ile ya madume. Na wewe unajua unayemtaka bwawani ni dume, maana ndiye anayekua haraka. Jeni iitwayo amhy, ambayo huamua udume katika baadhi ya koo za sato, iko kwenye Y, kwa hiyo humo haikuwamo. Kazi yake hiyo ilithibitishwa mwaka 2015, baada ya watu kuchunguza madume. Tena kuna koo ambazo jinsia huamuliwa kwenye kromosomu ya 23, na nyingine kwenye ya 1. Wako ni wa koo gani? Bila kuwapima, hakuna ajuaye.

Halafu kuna RNA, inayoonyesha jeni zipi zinafanya kazi kwenye ini, zipi kwenye figo. Hii huharibika upesi mno. Ndiyo maana utawaona wanakata kipande kidogo kama punje ya mchele na kukitumbukiza papo hapo kwenye dawa ya kuhifadhi au nitrojeni ya kimiminika.

Mimi nimefanya kazi hii miaka mingi, na kinachoniuma hadi leo ni trei moja ya vichupa. Tuliandika lebo kwa kalamu ya wino, spiriti ikamwagika, maandishi yakafutika. Vipande vilikuwa vizima kabisa, ila hatukujua tena kipi ni cha dume, kipi cha jike. Samaki wale walikufa bure. Tangu siku ile natumia penseli, na karatasi nyingine naitia ndani ya kichupa.

Kwa hiyo wape samaki, lakini wape na maelezo: vifaranga ulivitoa wapi, vina umri gani, vililishwa nini, na kama uliwahi kuvipa chakula chenye homoni ya kugeuza jinsia. Hilo la mwisho usilisahau. Jike aliyegeuzwa kwa homoni ana umbo la dume, lakini Y hana.