Je, unga wa kiazi kikuu unaweza kuchukua nafasi ya projesteroni?

SWALI: Mtaalamu, nimekoma hedhi na daktari ameniandikia estrojeni pamoja na projesteroni. Nasikia projesteroni hutengenezwa kwa viazi vikuu vya porini. Naweza kuacha vidonge vyake nikanywa unga wa kiazi chenyewe?

JIBU: Hapana dada yangu, tafadhali usiviache. Ulichosikia ni kweli, ila hukumaliziwa habari.

Baadhi ya viazi hivyo vina saponini. Ukikiloweka kiazi ukayatikisa maji yake, yanatoa povu kama la sabuni. Ndiyo saponini hiyo. Kiwandani huchemshwa na asidi mpaka sukari iliyoshikamana nayo ikatike, ibaki diosjenini. Hii ni steroidi, yaani ya ukoo mmoja wa kemikali na projesteroni, lakini bado si homoni: ina mkia wa pete mbili ambao projesteroni haina, na kuuvunja mkia huo ndiko kwenye kazi. Mkemia Mmarekani, Russell Marker, aliipata njia mwishoni mwa miaka ya 1930. Diosjenini hupashwa moto mkali pamoja na anhidridi ya asetiki hadi pete zifunguke, kisha oksidi ya kromi hukata kipande kisichotakiwa. Zikifuata hatua chache tu, projesteroni imepatikana. Kwa viazi vya Mexico alitengeneza kilo kadhaa za homoni iliyokuwa ikiuzwa kwa gramu, na mwaka 1944 akashiriki kuanzisha kampuni ya Syntex huko huko.

Mwili wetu hauna kimeng'enya cha kuukata mkia huo. Unywe unga au upake krimu yake, diosjenini haigeuki projesteroni.

Mimea mingine nayo imetumika kutengeneza steroidi. Mkonge una hekojenini, steroidi ambayo ina oksijeni kwenye kaboni ya 12 ya molekuli yake, jirani kabisa na ya 11 inakohitajika kwa kotisoni, homoni inayotumika kama dawa ya kutuliza uvimbe. Wakemia waliihamisha tu oksijeni hiyo. Siku hizi steroli za soya hupewa bakteria, nao huula mkia wenyewe. Napenda sana njia hii, maana inapunguza kemikali kali.

Sasa turudi kwako. Estrojeni hunenepesha utando wa ndani wa mji wa mimba, na ukiendelea kunenepa bila kizuizi unaweza kuzaa saratani. Projesteroni uliyoandikiwa ndiyo kizuizi hicho. Kama vidonge vinakusumbua, mwambie daktari abadilishe kipimo au aina. Na ukiona damu yoyote usiyoitarajia, nenda ukapimwe mapema.