Maswali na Majibu: Imani Wakati wa Dhiki

Barua nne za safari hii zimetoka Bagamoyo na vijiji vya jirani, na zote zinaulizia namna Mkristo anavyoweza kukua kiimani maisha yanapomwelemea.

Swali: Nalima mwani Mlingotini. Msimu uliopita maji yalipata joto, mwani ukapauka na kukatika kwenye kamba, nami bado nadaiwa na kikoba. Mwenzangu wa kanisani anasema ni adhabu kwa kuwa niliacha kutoa zaka. Je, ni kweli?

Jibu: Dada yangu, mwenzako amejipa kazi asiyotumwa. Bwana Yesu alipozungumzia wale watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, alikanusha waziwazi kwamba walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu (Luka 13:4-5). Maji ya kina kifupi yakizidi joto, mwani hudhoofika, uwe wa mtoa zaka au wa asiyetoa, na wenye kamba jirani na zako ni mashahidi. Suala la zaka lizungumze na Mungu kwa nafasi yake, bila kulifanya bei ya mavuno. Kuhusu kikoba, nenda kwa mwenyekiti kabla ya siku ya marejesho, ueleze hali ilivyo na kuomba upangiwe upya, kwa maana anayejificha wadai hupoteza hata ule uaminifu ambao joto la bahari halikuugusa.

Swali: Warumi 5 inasema dhiki huleta saburi. Nimefiwa na mama yangu, na sioni saburi bali hasira. Hata kusali nimeacha.

Jibu: Pole sana, mwanangu. Wahubiri wengi husoma maneno hayo kana kwamba dhiki ni dawa ambayo kila anayeinywa hupona, ilhali sote tunawajua watu ambao dhiki iliwaacha na uchungu hadi uzeeni. Paulo anapanga hatua: dhiki, saburi, uthabiti wa moyo, kisha tumaini, na tumaini hilo analiegemeza juu ya pendo la Mungu linalomiminwa mioyoni na Roho Mtakatifu, si juu ya ushupavu wa aliyefiwa. Hatua hizo huchukua muda, na hakuna mwenye haki ya kukudai uthabiti wakati matanga hayajaanuliwa.

Hasira yako nayo ina mahali pake katika Maandiko. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumuuliza Mungu, «Hata lini?», na ile ya 88 inaishia gizani bila neno la shukrani. Zisome kwa sauti, hata kwa hasira, kwa kuwa anayemlalamikia Mungu bado anazungumza naye. Sauti ikikukauka, mwombe mtu akusomee.

Ukipata nafasi, fika misheni yetu ya zamani. Wageni wengi huulizia mnara ulipolazwa mwili wa Livingstone mwaka 1874, lakini wewe pitiliza hadi makaburi ya wamisionari, usome umri ulioandikwa kwenye misalaba: wengi walifariki wakiwa vijana. Misheni ilianza mwaka 1868, haikupita miaka mingi ikapigwa na kipindupindu, na mwaka 1872 kimbunga kikabomoa majengo yake. Sidhani kwamba walioachwa hai, wakiwemo waliokombolewa utumwani, walizika wenzao bila kulia wala kumuuliza Mungu. Walilia, na kazi ikaendelea, mambo mawili ambayo sisi tumezoea kuyatenganisha.

Swali: Je, kumeza dawa za presha huku naombewa ni kukosa imani?

Jibu: Hapana. Luka mwenyewe alikuwa tabibu (Wakolosai 4:14). Ombewa, meza dawa, na usiziache mpaka daktari akuambie.

Swali: Mume wangu alipofariki, majirani zangu Waislamu walipika, walichota maji na kukaa nami mkekani hadi mwisho wa matanga. Wanajumuiya wenzangu walifika siku ya mazishi tu. Mvua imebomoa paa la jiko, hakuna aliyeuliza. Nasitasita kurudi jumuiyani.

Jibu: Mama, uchungu wako una haki, na wema wa majirani usiupunguze thamani kwa kuwa si wa dini yako, maana Bwana alipoulizwa jirani ni nani, alimtolea mfano Msamaria. Huku pwani msiba haujawahi kuuliza mtu anasali wapi. Hata hivyo, ukikaa kimya nyumbani, jumuiya itadhani umepoa. Mwendee kiongozi wake ana kwa ana, kama inavyoelekezwa katika Mathayo 18:15, umweleze kilichokuumiza bila kuzungukazunguka, na umkumbushe kwamba agizo la kuchukuliana mizigo (Wagalatia 6:2) halikomei makaburini. Kisha taja hitaji linaloshikika, yaani hilo paa. Wapangie siku, waje na makuti na mikono yao, na watakaofika ndio uanze kusali nao tena.