Kahawa ya Geisha haitaki dele

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini kahawa ya Geisha uliyoletewa zawadi, ukaichemsha kwenye dele, birika letu la kahawa, pamoja na tangawizi kama tulivyozoea hapa Mombasa, haikuwa na ladha inayolingana na bei yake. Geisha ni aina ya mbuni, yaani mti wa kahawa, na asili yake ni misitu ya Gesha, kusini-magharibi mwa Ethiopia, ambako mbegu zilikusanywa katika miaka ya 1930. Zikapitia Kenya na Tanganyika, yaani hapa hapa kwetu, zikafika Kosta Rika mwaka 1953, kisha Panama, ambako mwaka 2004 kahawa ya shamba la Hacienda La Esmeralda ilishinda mashindano na bei ikapaa. Thamani yake imo katika harufu, inayokaribia sana asumini, na katika wepesi wake mdomoni, karibu na chai. Kuichemsha kwa muda mrefu huiua. Saga gramu 15 papo hapo, weka kwenye karatasi ya kuchujia, kisha mimina kidogo kidogo mililita 250 za maji yaliyotulia kwa dakika moja baada ya kuchemka. Usitie sukari. Inuse tena kikombe kinapoanza kupoa, kwani hapo asumini hujitokeza waziwazi. Tangawizi iachie kahawa chungu ya barazani.