Maswali ya Wasomaji: Ekzosi za V8 za Zamani

Mwezi huu barua zimeelemea upande mmoja. Wenye gari za Kimarekani za miaka ya 60, zenye injini za V8 (silinda nane, nne kila upande), wanataka ziungurume na zikimbie, na wengi wao washaambiwa mambo mengi kibarazani. Mafundi wetu wanajibu.

*Assalaamu alaykum. Nina Ford Mustang ya 1967, injini ya 289 (inchi za ujazo), kabureta ya midomo miwili, niliyoletewa na ami yangu kutoka Maskati. Ekzosi yake ni bomba moja, na limeoza. Vijana wananambia nitie mabomba mawili ya inchi 3. Fundi mwengine ananambia nikifanya hivyo presha ya nyuma (kule kuzuiwa kwa moshi ndani ya bomba) itaondoka na injini itapoteza nguvu. Nimshike nani? — A.S., Mwanakwerekwe*

Waalaykumu salaam. Usimshike yeyote kati yao. Injini haihitaji presha ya nyuma hata chembe. Inachohitaji ni moshi uende mbio. Kila pumzi ya moshi inayotoka silinda huacha mvuto nyuma yake, na pale valvu ya kuingiza na ya kutolea zinapokuwa wazi kwa pamoja, mvuto huo humalizia kutoa moshi uliobaki na kuvuta hewa mpya. Bomba likiwa pana kupita kiasi, moshi hupunguza mwendo, hupoa, na mvuto hufa. Nguvu inayopotea ni ile ya mizunguko ya chini, ambayo ndiyo unayoitumia kila siku baina ya Mwanakwerekwe na Darajani. Fundi wako kaliona tatizo kweli, ila sababu kaikosea.

Upana unapigiwa hesabu. Kila nguvu ya farasi 1 inataka njia ya kupitisha kama futi za ujazo 2.2 kwa dakika, na bomba lililo wazi hupitisha kama futi 115 kwa kila inchi 1 ya mraba ya tundu lake. Bomba la inchi 2¼ kwa nje, lenye ukuta wa mm 1.65, lina tundu la inchi 2.12, yaani inchi za mraba 3.53. Hilo hupitisha futi 406, zinazotosha farasi 184. Mawili yanatosha farasi 369. Kwa hesabu hiyohiyo, mawili ya inchi 2½ yanafika 460, na ya inchi 3 yanavuka 670. Injini yako ilitangazwa kiwandani kuwa na farasi 200, tena kwa upimaji wa zama zile, injini ikiwa nje ya gari, haina vifaa vyake vya pembeni wala ekzosi yake ya kawaida. Hata ukitia kabureta ya midomo minne na kemshafti (shafti inayofungua valvu) kali kidogo, inchi 2¼ kila upande hazitakubana. Kama kweli unapanga kuvuka farasi 350, chukua 2½. Tatu waachie wenye injini kubwa.

Heda zako (mabomba yanayofungwa kwenye injini badala ya manifoldi ya kutolea moshi) ziwe na mabomba ya inchi 1⅝. Usinunue zile ndefu ambazo mabomba manne yanakutana chini kabisa ya sakafu, kwani Mustang iko chini na matuta yetu hayana huruma. Zifuate zile fupi kidogo ambazo mabomba manne huungana mawili mawili, kisha mawili kuwa moja. Ukitengenezewa, angalia nani anaunganishwa na nani. Mfuatano wa kuwaka wa 289 ni 1-5-4-2-6-3-7-8, na silinda 1 hadi 4 ziko upande wa kulia. Kwa hiyo upande huo 4 na 2 huwaka zikifuatana nyuzi 90 tu za mzunguko wa injini, na kushoto ni 7 na 8. Hizo usiziunganishe mwanzo, zitapigana. Kulia unganisha 1 na 2, kisha 3 na 4. Kushoto 5 na 7, kisha 6 na 8.

Baada ya heda, mabomba mawili lazima yaunganishwe kwa kipande cha kukatiza, chenye upana uleule au pungufu kidogo. Kila upande wa V8 hii unapumua bila mpangilio sawa (nyuzi 90, 180, 270, 180), na hicho kipande huipa pumzi iliyobanwa upande mmoja nafasi ya kwenda wa pili. Kwa kupata mahali pake, piga mstari wa rangi ya kawaida juu ya kila bomba kuanzia kolekta (pale mabomba ya heda yanapokuwa bomba moja) hadi mita moja nyuma, endesha kwa nguvu dakika chache, kisha tazama rangi ilipoungua zaidi. Aghalabu ni inchi 12 hadi 18 nyuma ya kolekta. Mara nyengine chuma kinachobeba giaboksi kimekaa hapohapo, basi sogeza nyuma kidogo tu.

Sailensa chagua za tundu lililonyooka, bomba la ndani limetobolewa na kuzungukwa na pamba ya kioo, na tundu hilo lisiwe dogo kuliko bomba lako. Pamba ikiisha hurudishiwa. Tushawahi kuulizwa kama makumbi ya nazi yanafaa badala yake. Yatawaka.

*Ndugu mafundi, fundi mageti wa hapa kanambia atanitengenezea ekzosi kwa bomba la maji la inchi 2, kwa vile ni nene na haliozi upesi. Stenlesi bei yake siiwezi. — H.J., Chake Chake*

Bomba la maji liwache kwenye maji. Lina mm 60.3 kwa nje na ukuta wa mm 3.6, na mita moja ina uzito wa kilo 5. Bomba la ekzosi la inchi 2½ lenye ukuta wa mm 1.5 halifiki kilo 2 na nusu kwa mita. Ukitumia mita 8 kwa pande zote mbili, utakuwa umetundika kilo 40 kwenye sakafu ya gari yenye umri wa babu, na mpira wa hanga ndio wa mwanzo kukatika. Halafu kuna zinki. Ikichomelewa hutoa moshi mweupe, na jioni fundi atashikwa na baridi na kutetemeka akadhani ni malaria. Kama hapana budi kuchomelea chuma cha namna hiyo, zinki iondolewe yote kwa grinda karibu na kiungo, na kazi ifanywe penye upepo.

Unene nao hausaidii kama anavyodhani, kwa sababu ekzosi huoza kutokea ndani. Lita 1 ya petroli ikiungua hutoa karibu lita 1 ya maji kwa sura ya mvuke. Sailensa ikiwa baridi, mvuke huo hugeuka maji na kubaki humo, pamoja na asidi ya moshi. Safari ya Chake hadi Gombani na kurudi haiipi sailensa joto la kuyakausha. Ukienda Mkoani, yanakauka. Kwa hiyo toboa tundu la mm 3 sehemu ya chini kabisa ya kila sailensa, upande wa nyuma. Ni jambo dogo, na linaongeza umri wa sailensa kuliko rangi yoyote utakayoipaka nje.

Kuhusu madini: chuma cheusi kilichochovywa alumini ndicho cha bei ya wastani kinachofaa. Ila moto wa kuchomelea huiunguza ile alumini, hivyo kila kiungo kipigwe brashi ya waya na kupakwa rangi ya kuhimili joto siku ileile. Stenlesi zinazouzwa kwa ekzosi ni za aina mbili. Ile inayoshika sumaku kwa nguvu kwa kawaida ni 409, nayo itafanya ngozi ya kahawia bila kutoboka haraka. Isiyoshika, au inayoshika kidogo tu kwenye kona, ni 304, na ndiyo bora kwa chumvi ya pwani, ingawa nayo itatia madoa. Ukitaka kubana matumizi, weka 304 kwenye sailensa na mkia tu, maana huko nyuma ndiko kwenye baridi na maji. Mbele tumia chuma cheusi. Kiungo cha 304 na chuma cheusi kichomelewe kwa waya wa 309L, na gesi ya argoni ipitishwe ndani ya bomba pia. La sivyo weldi itachanua chenga nyeusi kwa ndani na kupasuka.

Jihadhari na kurefuka. Bomba la mita 3 likipanda nyuzi 300 za joto, la 304 hurefuka kama mm 16 na la chuma cheusi kama mm 11. Hanga ziwe za mpira, na pawe na kiungo kimoja cha kuchomekana kilichofungwa kwa klempu. Ukichomelea kila kitu kikawa kitu kimoja, ufa utatokea kwenye shingo ya heda.

*Nimetia heda kwenye Camaro ya 1969, injini 350. Wiki ya pili gasketi ya heda ya upande wa kulia imeanza kuvuja na kupiga kelele. Nikiachia mafuta inapiga pa-pa-pa nyuma. Plagi nyeupe. Na asubuhi inatoa moshi mweusi muda mrefu. Nimeshabadilisha jeti (vitundu vya kupitishia mafuta kwenye kabureta), hakuna nafuu. — S.O., Fumba*

Ulianzia mwisho. Shughulikia gasketi kwanza, kwa sababu uvujaji ndio unaokupigia pa-pa-pa: ukiachia mafuta, hewa ya nje hunyonywa ndani ya bomba na kuyawasha mafuta ambayo hayakuungua.

Tazama bolti. Hedi za Chevrolet na za Ford zote zinatumia bolti za inchi tatu kwa nane zenye meno 16 kwa inchi. Madukani kwetu kumejaa za Kijapani, na M10 (bolti ya mm 10) ya meno ya mm 1.5 inafanana nayo mno, maana ya inchi ina meno ya mm 1.59. Ya M10 ni nene zaidi kwa karibu nusu milimita. Itaingia kwa kulazimishwa meno machache, itakaza, na utadhani imefika, kumbe flanji (bamba la heda linalokaa kwenye hedi) haijabanwa na hedi inaliwa. Ikiwa ndiyo uliyotia, toa, pitisha tepu (chombo cha kuchongea meno) ya inchi kusafisha meno, na tafuta bolti zenyewe.

Kisha flanji. Iwe na unene wa karibu mm 9.5. Za mm 5 hupinda baina ya bolti. Iweke kwenye kioo kinene, na karatasi ya kupimia ya mm 0.3 ikipita popote, isagwe. Kaza kutoka katikati kwenda ncha, karibu Nm 27. Washa injini mpaka ipate moto, izime ipoe kabisa, kaza tena. Rudia siku ya pili. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayoua gasketi nyingi.

Uvujaji ukiisha ndipo usome plagi. Zikibaki nyeupe, injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta: panda kwa namba mbili kwenye jeti kuu, endesha, zitazame tena hadi ziwe na rangi ya udongo hafifu. Moshi mweusi wa asubuhi ni kitu chengine. Heda zimeondoa valvu iliyokuwa kwenye manifoldi ya zamani ikisukuma joto kwenye koili ya choki (kibao kinachobana hewa injini ikiwa baridi), kwa hiyo choki inachelewa kufunguka. Kwa Ford 289 ni vilevile, ila huko joto lilikuja kwa kijibomba cha hewa kutoka manifoldi ya kulia. Tia choki ya umeme, au ya kuvuta kwa mkono. Kwa hali ya hewa yetu ya mkono inatosha, na ndani ya dakika moja unairudisha.

*Mashine ya kupinda bomba bila kulibana sijaipata. Nifanyeje kona za juu ya ekseli? — K.M., Jambiani*

Mashine ya kawaida ya kubana hupunguza tundu pale kwenye kona, na kona tatu za namna hiyo zinafuta faida ya bomba pana. Njia ya mchanga inafaa kwa kona pana, nusu kipenyo ya mpindo isipungue mara 4 ya upana wa bomba. Mchanga wa pwani uoshwe chumvi, ukaangwe kwenye karai mpaka usitoe mvuke, ujazwe kwa kugongagonga, na kizibo kimoja kiwe na tundu dogo. Mchanga mbichi ukipata moto hurusha kizibo kama risasi. Mshono wa bomba ukae ubavuni, usikae ndani wala nje ya mpindo.

Kwa kona kali, kata vipande. Kona ya nyuzi 90 kwa bomba la inchi 2½ hupatikana kwa viungo 4, kila mkato nyuzi 11.25. Kwa nusu kipenyo ya mm 95, vipande vitatu vya katikati viwe na mm 50 upande wa nje na mm 25 upande wa ndani. Vya mwisho ni nusu ya hapo, na vinaweza kuwa sehemu ya bomba lililonyooka. Kama una mashine ya vijiti tu, tumia vya mm 2.0 kwa ampea 40 hadi 60, donadona, usivute mstari mrefu.

Kabla ya kuchomelea moja kwa moja, inua difu kwa jeki mpaka mpira wa kuzuia ekseli uguse. Bomba libaki na nafasi ya mm 25 kila upande, na liwe mbali na paipu za breki na mafuta. Ukipima gari ikiwa imening'inia, tuta la mwanzo litakuonesha kosa.

*Kitambaa cha kufungia heda kinafaa? — Z.A., Tunguu*

Kwa chuma cheusi hapa visiwani, hapana. Kinashika unyevu na chumvi, na heda huliwa chini yake bila wewe kuona. Paka rangi ya kuhimili joto na uipike kwa kuwasha na kuzima kama ilivyoandikwa kwenye kopo.

*Mume wangu kaikata ekzosi ya Dodge yake ikaishia kabla ya tairi la nyuma. Nikikaa nyuma na watoto kichwa kinauma. Tena injini ikifika mizunguko 2,000 inavuma mpaka masikio yanaziba. Yeye ananambia ndivyo V8 ilivyo. — Bi F.R., Bububu*

Bi F.R., msipande tena nyuma mpaka irekebishwe. Kichwa hicho ni kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na inaingia kwa chini na kwa buti. Bomba lirudishwe hadi lipite bodi, mpira wa buti ubadilishwe, na matundu ya sakafu yazibwe.

Uvumaji una dawa yake. Kwa mizunguko 2,000, V8 hutoa mapigo 133 kwa sekunde. Mume wako aunganishe kwenye kila bomba, karibu na sailensa, bomba la pembeni lenye upana uleule, lililozibwa ncha, urefu wa sentimita 86. Sauti inayorudi humo huizima ile inayovuma. Mabomba mawili yawe yameunganishwa kwa kipande cha kukatiza kwanza, la sivyo kila upande utavuma kwa nusu ya mapigo hayo na urefu utakaohitajika hautaenea chini ya gari. Aanze na sentimita 95 akipunguza kidogo kidogo, maana joto la moshi hubadilisha kipimo.