Yaya asiye na uso

SWALI: Nalea chama cha filamu shuleni hapa Kondele, Kisumu. Wanafunzi wakichambua tamthilia ya runinga, wananisimulia hadithi tu. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, chagua kipande cha dakika 4 au 5. Mara ya kwanza watazame tu. Ya pili, zima sauti, waandike kuhusu kamera na mavazi. Ya tatu, funika kioo wasikilize: nani amepewa lafudhi ya Kiluhya ili achekwe? Hapo ndipo dharau hujificha.

Kisha wahesabu sekunde ambazo kila mhusika anaonyeshwa. Tajiri anaonyeshwa kutoka chini, uso mzima. Yaya ni mikono inayoosha sufuria, basi. Kosa la kawaida ni kuandika “kamera iko juu” na kuishia hapo. Picha iliyopigwa kutoka juu si ishara ya unyonge kila mara. Waseme inamfanya mhusika aonekaneje, na kwa nini.