Mmisionari Ugenini: Je, Njia Haifunguki kwa Sababu Imani Yangu ni Ndogo?

SWALI

Mwalimu, nakusalimu katika jina la Yesu Kristo. Mimi ni dada mmisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na huu ni mwezi wangu wa sita katika nchi ya ugenini. Lugha ya huku hainiingii. Mwenza wangu, yaani dada mmisionari niliyepangwa naye, ndiye anayefundisha, mimi nasimama kando kama sanamu. Watu wengi wanatufungia mlango hata salamu hatujaimaliza. Usiku nalia kimyakimya ili mwenza wangu asisikie, na siku nyingine hata chakula hakipiti. Mama aliniaga kwa kuniambia kwamba mwenye imani Mungu humfungulia njia. Sasa najiuliza: je, njia haifunguki kwa kuwa imani yangu ni ndogo? Na nikiomba kurudi nyumbani kabla ya miezi yangu 18 kwisha, nitakuwa nimemkimbia Bwana?

JIBU

Hapana, dada yangu. Nimelitanguliza neno hilo kwa sababu najua ndilo ulilokuwa unalisubiri. Ugumu wa njia unayopita si kipimo cha imani yako. Anayekuambia hivyo, hata kama ni moyo wako mwenyewe saa nane za usiku, amesoma nusu ya maandiko.

Fungua Kitabu cha Mormoni, maandiko yetu sambamba na Biblia, kitabu cha Alma sura ya 17. Wana wanne wa mfalme Mosia, yaani Amoni, Haruni, Omneri na Himni, walikataa kurithi kiti cha baba yao, wakaenda kuwahubiria Walamani, maadui wa taifa lao. Walikaa huko miaka 14. Maandiko yanashuhudia kwamba walikuwa watu wa kufunga na kusali sana. Walipoingia nchi ile waliagana, kila mmoja akashika njia yake, na hapo ndipo nataka utulie nami. Amoni alifika kwa mfalme Lamoni, akapendwa mpaka mfalme akataka kumwoza binti yake. Haruni na wenzake waliishia gerezani Midoni. Walipotolewa walikuwa uchi, ngozi zimechunika kwa kamba walizofungwa, wameteseka kwa njaa na kiu.

Waulizie ndugu hawa wawili swali lako. Baba mmoja, toba moja, mfungo mmoja. Huyu yuko nyumbani kwa mfalme, yule yuko kifungoni. Imani ya Haruni ilipungukia wapi? Maandiko hayatuachi tubahatishe. Alma 20:30 inaeleza kwamba iliwaangukia kina Haruni kuingia mikononi mwa watu wenye mioyo migumu zaidi. Haisemi kwamba hawakuomba vya kutosha, wala kwamba kulikuwa na dhambi iliyofichika. Walipangiwa shamba lenye mawe mengi kuliko la ndugu yao, basi.

Ni kweli kwamba Haruni huyohuyo baadaye alimfundisha baba yake Lamoni, mfalme wa nchi nzima. Watu wanapenda kuikimbilia sehemu hiyo. Mimi nakuomba usiikimbilie, kwa sababu Haruni alikuwa mmisionari kamili hata siku ile alipokuwa bado amefungwa kamba, hajabatiza mtu.

Kuna mstari mwingine ambao ningependa uuandike kwenye karatasi uutie ndani ya maandiko yako: Alma 26:27. Anayesema ni Amoni, yule aliyefanikiwa. Anakiri kwamba mioyo yao ilikuwa imezama, na walikuwa karibu kugeuka warudi nyumbani. Amoni! Kwa hiyo hata wazo hilo linalokutia aibu lina wenyewe waliokutangulia. Bwana hakuwauliza kwa nini wameshikwa na shaka. Jambo la kwanza alilofanya ni kuwafariji. Kisha akawaambia waende kwa ndugu zao, wayachukue mateso yao kwa subira, naye atawapa mafanikio. Tunapoitaja ahadi ile, wengi wetu tunaanzia kwenye kwenda tukatua kwenye mafanikio, na subira tunairuka. Wewe sasa unaishi ndani ya neno hilo la katikati. Umepachoka, nakuelewa, lakini hujapotea njia.

Nije kwenye lugha. Wapo wanaofundisha kwamba kipawa cha ndimi humshukia mmisionari kama mvua inavyomnyeshea mtu aliyelala. Sikubaliani nao, na nadhani fundisho hilo limewaumiza vijana wengi, maana asubuhi wanapoamka bado hawajui kusema, wanahesabu kwamba Mungu amewanyima. Mafundisho na Maagano, kitabu cha mafunuo ya Kanisa letu, 88:118 inatutaka tutafute elimu kwa kujifunza na pia kwa imani, vyote viwili. Joseph F. Smith alitumwa Hawaii mwaka 1854 akiwa na miaka 15. Baba yake, Hyrum, alikuwa ameuawa mwaka 1844, na mama yake alikuwa amefariki mwaka 1852. Alipofika kisiwani Maui akaugua, na mama mmoja mwenyeji akamuuguza kama mwanawe. Kijana huyo alimwomba Mungu ampe lugha ya watu wale, na huku anaomba alikuwa anajifunza kila siku, akiishi katikati yao. Baada ya siku 100 hivi aliweza kuzungumza nao na kuwafundisha. Sikuwekei siku hizo 100 kama deni, kwa kuwa lugha hazilingani na vichwa havilingani. Ninachotaka ukione ni yule mama. Lugha ilimjia Joseph kupitia watu waliompenda, na naye akawapenda. Alikuja kuwa Rais wa Kanisa mwaka 1901, na upendo wake kwa mama yule haukuisha.

Amoni naye hakuanza kwa kuhubiri. Lamoni alipomuuliza anataka nini, aliomba kuwa mtumishi, akapelekwa kuchunga mifugo. Ni baada ya kuiona kazi ya mikono yake ndipo mfalme alipotaka kuyasikia maneno yake. Dada, mikono yako haihitaji sarufi. Mzee aliyebeba mzigo anaelewa unapompokea, na mama anayefagia uwanja anaelewa unaposhika fagio la pili. Halafu hapohapo muulize: hiki mnakiitaje? Hakuna mwenyeji anayechoka kumfundisha mgeni anayefanya naye kazi. Na mwenza wako mwambie ukweli. Mwombe katika kila somo akuachie sehemu moja ndogo iwe yako, kwa mfano sala ya kufungulia au ushuhuda wa sentensi tatu. Utakosea. Sema vivyo hivyo.

Kuhusu milango nitasema machache. Mwaka 1830 Samuel Smith, mdogo wake Nabii Joseph Smith mwanzilishi wa Kanisa, alizunguka akiwa na nakala za Kitabu cha Mormoni mkobani, akafukuzwa na kukataliwa, akarudi amevunjika moyo. Nakala alizoacha ziliingia katika ukoo wa Brigham Young, ambaye alibatizwa mwaka 1832 na baadaye akawa Rais wa pili wa Kanisa. Samuel alipokuwa anarudi nyumbani kwa miguu hakuwa na namna yoyote ya kulijua hilo. Wewe pia huna namna ya kujua mlango upi kati ya hiyo ulifungwa lakini mtu akabaki nyuma yake anawaza.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Machozi ya kila usiku na chakula kisichopita si mambo ya kumficha mwenza wako. Soma 1 Wafalme 19. Eliya, nabii aliyeshusha moto, alikaa chini ya mretemu akamwomba Mungu amtoe roho. Malaika aliyetumwa kwake hakuja na hotuba. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale tena, akamwamsha ale mara ya pili, kwa kuwa safari ilikuwa kubwa mno kwake. Mungu alianza na mwili wa Eliya ndipo akasema naye. Kwa hiyo wiki hii, usingoje wiki ijayo, mpigie rais wako wa misheni, kiongozi anayewasimamia wamisionari wa huko, na mkewe pia, uwaambie yote uliyoniandikia mimi. Omba baraka ya ukuhani, yaani kuwekewa mikono na kuombewa. Wakisema umwone daktari, nenda kwa moyo mweupe. Kuugua moyo ugenini si dhambi, kama vile kuugua malaria si dhambi.

Na kurudi nyumbani? Mwaka 1898 Kanisa liliwatuma Uingereza Inez Knight na Jennie Brimhall, akina dada wa kwanza wasioolewa kuitwa rasmi kuwa wamisionari wa kuhubiri. Inez aliendelea na kazi hata pale ambapo makundi ya watu yaliwazomea na kuwarushia mawe. Jennie aliugua, akaachiliwa kwa heshima baada ya miezi michache tu. Hakuna aliyemhesabu mtoro. Kuanzia 1921 alikuwa mshauri katika urais mkuu wa Muungano wa Usaidizi wa Akina Mama, jumuiya ya wanawake wa Kanisa. Na Watakatifu, yaani waumini wa Kanisa, waliozuiwa na maadui kujenga hekalu huko Missouri, Bwana aliwaambia katika Mafundisho na Maagano 124:49 kwamba watu wakiifanya kazi yake kwa nguvu zao zote kisha wakazuiwa, yeye hawadai tena kazi ile, bali anaipokea sadaka yao.

Kwa hiyo ukirudi kwa sababu mwili au akili imeugua, hujamkimbia Bwana. Lakini kwa jinsi ulivyoandika, naona binti aliyechoka, aliyejitenga, na anayebeba peke yake mzigo wa watu wanne. Huenda nakosea, maana barua haipimi homa, na ndiyo sababu nakutaka uonane na walio karibu nawe. Ninalokukataza ni moja tu: usiamue usiku. Uamuzi huo ufanye mchana, umekula, umesali, na rais wako wa misheni anajua.

Mama yako hakukosea alipokuaga. Mungu humfungulia njia mwenye imani, ila mara nyingi huifungua kwa urefu wa hatua moja, na ukiikanyaga ndipo unapoiona ya pili. Tangu Februari 2019 wamisionari wanaruhusiwa kuzungumza na familia zao kila wiki siku ya maandalizi. Wiki hii usimwambie kwamba kila kitu ni kizuri. Mwambie unalia, kisha mwombe akusomee Alma 26:27 kwa sauti, kwa lugha ya nyumbani, polepole, na wewe usikilize tu.